Ndizi Hutazama Juu

Haya ni maneno niliyoyasema Iringa mbele ya walimu wa madarasa ya awali, wazazi, watoto wao na vijana wanaojifunza kuchora. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Kamwene!

Asanteni. Wazee wangu, shikamooni. Walimu, nawasalimu kwa heshima yote, kwa sababu kitabu cha mtoto kisipopata mtu wa kukifungua kinabaki karatasi. Na nyinyi wadogo mliokaa mkekani hapa mbele, hamjambo? Sogeeni, msiogope. Nimekuja kwa ajili yenu.

Nimeombwa nisimulie maisha yangu ya kuchora vitabu vya watoto. Kawaida mtu huanza na pale alipozaliwa. Mimi naomba nianze na mkungu wa ndizi, maana kazi yangu ya kweli ilianzia hapo, ingawa wakati huo nilikuwa nimeshachora vitabu kadhaa na kulipwa.

Nilikuwa nakaa Mbeya. Nikaletewa muswada wa hadithi fupi: bibi na mjukuu wake wanatoka shambani huko Tukuyu, mvua inawakuta njiani. Ukurasa wa pili ulitaka migomba. Sasa mimi nimezaliwa Makete, juu kabisa, ambako baridi haiupi mgomba nafasi. Ndizi nilizozijua utotoni ni zile zilizoletwa kwa gari kutoka Rungwe, zimeshakatwa, zimelazwa juu ya gunia sokoni. Nikauchora mkungu kwa kufikiri tu. Nikajiambia kitu kizito kikining'inia, kila kilicho ndani yake huelekea chini. Basi nikazichora ndizi zote zimeelekeza ncha ardhini, kama chuchu za ng'ombe. Nikazipaka kijani kizuri. Mhariri akapitisha, kitabu kikachapwa, kikasambazwa.

Miezi kadhaa baadaye nikaalikwa shule moja ya Rungwe niwasomee watoto wa darasa la pili. Nikafungua ukurasa ule, nikauinua ili wa nyuma nao waone. Msichana mmoja mwembamba, sweta lake limetoboka kiwiko, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mkungu huu umepinduliwa."

Nikamwuliza umepinduliwaje. Hakunijibu kwa maneno. Alisimama, akaenda dirishani, akaonyesha kwa kidole. Nje ya darasa, hatua kumi tu kutoka nilipokuwa nimesimama, palikuwa na mgomba wenye mkungu uliokomaa. Nikaenda nikasimama kando yake tukatazama wote wawili. Tazameni mkono wangu. Mkungu wenyewe unashuka hivi, ndiyo, na mwisho wake kuna lile ua zito la rangi ya damu ya mzee. Lakini ndizi, moja moja, kila chane, zimejikunja kwenda juu, kama vidole vya mtu anayeomba. Zinatafuta jua. Mkungu unakwenda chini, ndizi zinakwenda juu.

"Ndizi hutazama juu," akasema yule mtoto, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Mtoto yule alikuwa bado anasoma kwa kuunganisha silabi, ba-be-bi-bo-bu, kidole kikifuata mstari. Maneno ya hadithi ile asingeyamaliza peke yake. Lakini picha alikuwa ameshaisoma hadi mwisho, akaikagua, akaikuta na kosa ambalo mimi, mhariri na mpiga chapa hatukuliona. Na alilisoma kosa lile kwa elimu ya kwao, ya shambani kwa bibi yake. Kuanzia siku hiyo niliacha kuchora kitu ambacho sijakwenda kukitazama.

Haya, sasa nirudi nyuma.

Mama yangu alikuwa akiusiliba ukuta wa jiko kila kiangazi. Moshi wa mwaka mzima unakuwa umeuchafua, basi anakanda udongo laini, anapaka kwa kiganja, ukuta unang'aa kama mtungi mpya. Mimi nilikuwa nikiusubiri ukauke. Nikichukua mkaa wa muwati, ule mgumu usiomeguka ovyo, nachora mbuzi, kuku, watu wa harusi. Mara ya kwanza nilitegemea kiboko. Mama alisimama akatazama muda mrefu, kisha akachora mstari kwa kidole chake mwenyewe kutoka darini hadi sakafuni, akasema: "Kuanzia hapa hadi mlangoni ni pako. Huku kwingine ni jiko langu." Kila mwaka ukuta ulisilibwa upya, na michoro yangu yote ikafutika. Sikulia. Nilijua kiangazi kinachofuata nitachora vizuri zaidi. Wazazi mlioko hapa, sina uwezo wa kuwaambia mnunulie watoto rangi za bei kubwa. Nawaomba mstari mmoja ukutani.

Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea. Shangazi yangu alikuwa na meza ya mitumba Mwanjelwa, mjini Mbeya, akanichukua nikamsaidie. Jirani na meza ile alikuwepo mzee mmoja fundi wa mabango. Alichora vibao vya vinyozi, kuta za migahawa, milango ya maduka, hata maneno ya nyuma ya daladala. Nilikuwa nikimtazama hadi shangazi anaita mara tatu. Mwishowe shangazi akaniambia, nenda kaoshe brashi zake, labda utapona. Nikaenda.

Miaka minne niliosha brashi kwa mafuta ya taa, nikasugua bati kwa msasa, nikapiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki. Rangi ya mafuta ilinifundisha subira, kwa kuwa ukiipaka ya pili kabla ya ya kwanza kukauka umeharibu kazi ya siku mbili. Mzee alikuwa na kanuni moja iliyonichosha. Ukichora mkasi wa kinyozi, mkasi uwe mezani mbele yako. Ukichora kuku wa mgahawa, nenda kamtazame kuku. Nilidhani ni ukali wa uzee. Nilipofika kwenye ule mgomba wa Rungwe ndipo nikamwelewa, na wakati huo alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Mungu amrehemu.

Vijana wa kuchora, msiidharau kazi ya mabango. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuuza picha zake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 akitumia hadibodi ya ujenzi na rangi za kupakia baiskeli. Alikufa 1972, hakuwa amefikisha muda mrefu katika kazi hiyo, lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima unaojulikana duniani. Na kwetu huku nyanda za juu tuna John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, aliyeupokea mtindo huo akauingiza kwenye vitabu vya watoto. Wanyama wake wanatembea kwa miguu miwili, wamevaa mashati na vitenge, wanagombana sokoni kama watu. Alirudi vijijini kukusanya ngano kwa wazee, akazichora, na vitabu vyake vikachapishwa hadi Uswisi kwa Kijerumani. Mtoto wa Uswisi ameona kitenge cha Rukwa kabla ya watoto wengi wa Rukwa kukiona kitabuni. Hilo linanifurahisha, na pia linaniuma.

Kitabu changu cha kwanza nilikipata kupitia mteja wa mabango. Alikuwa na ndugu anayefanya kazi kwa mchapishaji mmoja, simtaji, akasema wanatafuta mtu wa kuchora kwa wino mweusi. Enzi hizo vitabu vingi vya watoto vilikuwa na rangi kwenye jalada tu, ndani ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu rangi ni ghali. Nikanunua nibu na chupa ya wino, nikachora usiku kwa mwezi mzima juu ya meza ya kulia ya shangazi. Nililipwa kwa mkupuo, fedha iliyotosha kodi ya chumba ya miezi miwili. Sikusaini kitu zaidi ya stakabadhi.

Kitabu kilipotoka nilipanda basi nikaenda nacho Makete. Mama hajui kusoma sana, lakini jina langu analijua lilivyo, alikuwa ameliona kwenye cheti. Akakigeuza kitabu mbele, nyuma, akafungua ukurasa wa ndani wenye maandishi madogo. Mwandishi yupo. Mhariri yupo. Mpiga chapa yupo hadi na sanduku lake la posta. Mama akaniuliza, "Wewe uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimekuja kulipata baadaye, na leo nawapa nyinyi vijana bure. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Mchoro wako unalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Zaidi ya fedha, unayo haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye uliyeuchora. COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ipo kwa ajili ya mambo haya. Kabla hujachovya brashi, uliza: mnanilipa mkupuo au mrabaha, yaani fungu la kila nakala inayouzwa? Mkichapa tena mara ya pili, nami nimo? Jina langu litakaa wapi? Michoro yangu halisi nitarudishiwa lini? Uliza kwa adabu, uliza kwa maandishi. Mchapishaji mwema hakasiriki. Nimefanya kazi na wachapishaji wema wengi tangu wakati ule, na kila mmoja wao alijibu maswali haya bila kununa.

Nisiwe mkali mno kwa wachapishaji, hali yao naijua. Kitabu cha watoto ni biashara ngumu. Mzazi ananunua kitabu cha kiada kwa kuwa shule imesema, kitabu cha hadithi anakiona ni starehe. Ndiyo maana Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa 1991, ulisaidia sana: ulinunua sehemu kubwa ya nakala za kitabu na kuzipeleka shuleni, mchapishaji akawa na uhakika wa soko, na wachoraji wa rika langu tukapata pa kujifunzia. Bila mradi huo wengi wetu tungebaki kwenye vibao vya vinyozi.

Kitabu kinatengenezwaje? Wadogo, chukueni hizo karatasi kubwa mlizogawiwa. Kunjeni mara moja. Tena. Tena. Mara tatu. Sasa kateni kingo zilizofungana, hesabuni kurasa. Ngapi? Kumi na sita. Ndivyo mashine nayo inavyokunja. Kwa hiyo vitabu vya picha huwa na kurasa 16, 24 au 32. Hadithi ikiwa na maneno mengi kuliko kurasa, hadithi ndiyo inayopunguzwa. Mimi kabla ya kuchora chochote hutengeneza dami, kijitabu cha karatasi chakavu kama hicho mlichoshika, nikachora vijimstari tu vya nani yuko wapi. Nakigeuza kurasa mara ishirini, thelathini. Kuna jambo linalotokea pale mkono unapogeuza karatasi. Ukitaka chui amtokee mtoto, usimweke chui kwenye ukurasa wa kulia pamoja na mtoto. Ukurasa wa kulia mwache mtoto anasikiliza, macho yameelekea ukingoni. Chui mweke nyuma ya karatasi. Mtoto anayesoma atageuza mwenyewe, kwa mkono wake, na kuogopa kwake kutakuwa kwake.

Na katikati ya kitabu, kwenye mshono, usiweke uso wa mtu. Kitabu changu cha tatu nilichora sura ya mama mzazi wa mhusika katikati ya kurasa mbili. Pini ya kubania ikapita juu ya jicho lake. Watoto wa shule moja waliniuliza yule mama aliumwa nini. Iliniuma sana, kwa sababu mama yule kwenye hadithi alikuwa mzima na mwenye furaha.

Rangi nazo zina yake. Mashine huchapa kwa rangi nne, buluu ya anga, majenta, njano na nyeusi, na zote nyingine zinatoka humo kwa vidoa vidogo. Unachokiona kwenye skrini ya kompyuta kinang'aa kwa kuwa nyuma yake kuna taa. Karatasini hakuna taa. Kijani cha mashamba ya chai ya Mufindi asubuhi kimenishinda mara nyingi, kikichapwa kinafifia kama kitambaa kilichofuliwa sana. Nimejifunza kukizungushia udongo mwekundu, na hapo kijani kinapata nguvu kwa jirani yake. Udongo wetu wa Iringa ni zawadi kwa mchoraji.

Sasa nije kwenye jambo linalonileta hapa. Walimu, fungueni vitabu vya hadithi mlivyo navyo kabatini. Tazameni picha tu. Mtakuta minazi, ufuko, makuti, mbuyu, nyika yenye twiga, jua kali. Ni Tanzania yetu, naipenda yote. Lakini mtoto wa Makete, wa Njombe, wa Mufindi, anafungua kitabu mwezi wa saba huku vidole vyake vimekufa ganzi, nje nyasi zimeota barafu nyeupe, na kitabuni kila mtoto amevaa kaptura na fulana chini ya mnazi. Atajifunza kusoma, ndiyo. Na atajifunza pia, bila kuambiwa na mtu, kwamba vitabu ni vya watu wa mahali pengine.

Niliamua kuchora baridi. Si rahisi. Picha ya jua ni duara la njano, imekwisha. Baridi utaichoraje? Mchoraji aliyezoea vitabu vya Ulaya ataweka theluji, na huo ni uongo kwetu. Nilikwenda nikakaa kituo cha mabasi cha Makambako saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa sita, nikiwa na daftari. Nikatazama watu. Mtu mwenye baridi hupandisha mabega hadi karibu na masikio. Mikono haiko mfukoni, imeingia ndani ya mikono ya sweta na ncha ya sweta imekunjwa ngumini. Mtoto mdogo hasimami wima, anasimama kwa mguu mmoja, wa pili anausugulia kwenye shavu la mguu ule wa kwanza. Mama aliyebeba mtoto mgongoni amemfunika kitenge, juu ya kitenge blanketi, na inayoonekana ni kofia ya sufu tu kama kitunguu. Muuza chai amezungukwa na watu ambao hawajanunua chai, wamefuata jiko. Wanaozungumza wanatoa mvuke, na anayesikiliza hatoi. Hilo la mwisho lilinifurahisha kupita yote, maana kwa mvuke pekee unaweza kumwonyesha msomaji nani anasema.

Nilijaza daftari zima. Picha niliyoichora kutokana na asubuhi ile, watoto watatu njiani kwenda shule, kila mmoja na kuni moja ya jiko la shule kwapani, ni picha ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuchora. Niliwaonyesha watoto wa kijijini kwetu. Mvulana mmoja akaitazama, kisha akaupeleka mguu wake taratibu nyuma ya mwingine, akausugua. Hakujua kwamba anafanya hivyo.

Wengine mmeshasikia habari ya kipunji. Ni nyani, au niseme tumbili mkubwa, anayeishi kwenye misitu ya Mlima Rungwe na Kitulo, na wengine wachache msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, mkoa wetu huu wa Iringa. Wanasayansi walimkuta 2003, wakamtangaza kwa dunia 2005, na mwaka uliofuata wakampa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus, kwa heshima ya mlima. Hesabu iliyotangazwa 2008 ilikuta kama 1,100 tu. Lakini jina la kipunji ni la wenyeji. Wazee wa Rungwe walikuwa wakimtaja tangu zamani, na watu wa nje wakidhani ni mnyama wa hadithi.

Nilipopewa hadithi ya watoto inayomhusu, nilikumbuka mkungu. Picha za kamera zipo, ningeweza kukaa nyumbani. Nilipanda na mwenyeji mmoja anayeijua misitu ile, tukatembea siku mbili kwenye tope na mianzi. Siku ya kwanza hatukuona kitu. Siku ya pili nikasikia sauti, katikati ya mbweko na honi, tena juu kabisa ya miti. Nikainua kichwa. Niliona tawi linainama, likarudi, na mkia mrefu wa kahawia unaomalizikia kwenye weupe ukafuata nyuma ya majani. Basi. Uso sikuuona. Kishungi chake kilichosimama kichwani, uso wake mweusi, hivyo nilivitoa kwenye picha za watafiti. Ila lile tawi linaloinama na kurudi likawa ukurasa wa kwanza wa kitabu: tawi tu, hakuna mnyama. Mtoto anajua mtu amepita. Watoto wa Rungwe wakiufungua ukurasa ule wanasema jina lake kabla sijalisoma.

Walimu wa Iringa, nina ombi moja kwenu. Mwamba wa Igeleke uko karibu na mji huu. Juu yake kuna michoro ya watu na wanyama, rangi nyekundu iliyokolea, iliyochorwa na watu wa kale sana. Wapelekeni watoto. Msiwaeleze sana. Waacheni wasimame mbele ya mwamba wachore wanachokiona, wajue kwamba kazi hii ina wazee wake hapahapa. Na mkipita sokoni, watazame kikapu cha milulu: mistari ile inavyozunguka na kukutana bila kupimwa kwa rula ni hesabu na ni uchoraji. Mama wa Kikisi, kule Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, anafinyanga chungu kwa mikono yake. Nimeiga kwake. Kila mhusika wangu mkuu kwanza namfinyanga kichwa kwa udongo, kikubwa kama embe. Nakiweka dirishani, nakigeuza, naona kivuli cha pua kinaangukia wapi asubuhi na jioni. Hivyo mtoto wa ukurasa wa tatu anabaki yuleyule ukurasa wa ishirini na tisa. Mkibadilisha hata kifungo cha shati, wadogo hawa watawaambia.

Kijana mmoja wa Mafinga aliniletea mwezi uliopita picha aliyotengenezewa na programu ya kompyuta. Siku hizi unaandika maneno, picha inakuja. Alikuwa ameandika "kijiji cha Mufindi." Ilikuja picha laini, yenye rangi nzuri, yenye mibuyu. Hakukuwa na msonobari hata mmoja, na mtoto anayeishi Mafinga akifungua mlango tu anaona misonobari ya Sao Hill hadi upeo wa macho. Nilimwambia kijana yule sina ugomvi na chombo chake. Programu ile imeonyeshwa picha nyingi sana za watu wengine na chache mno zetu, kwa hiyo inatupa kilichojaa kwake. Nikamwuliza lini mara ya mwisho alikaa chini ya msonobari na penseli. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza gome lake lichorwe kuanzia wapi. Tukatoka nje tukaenda kuona. Leo yuko hapa, amekaa safu ya tatu, na daftari lake nimelitazama asubuhi. Gome amelipata.

Nimesema sana, na wadogo wameanza kujinyoosha. Mmeuona ule mkungu nilioutundika mlangoni? Nimeununua leo sokoni, umetoka Rungwe usiku. Sogezeni mkeka hadi pale. Kila mtu akae mahali anapouona vizuri, na asichore bado. Kwanza mhesabu chane zake. Kisha mtazame ndizi moja tu, ya chini kabisa, mpaka mjue ncha yake inakwenda wapi. Penseli ziko kwenye kopo. Wadogo watangulie, walimu na wazazi watafuata.